Kukodi Boti na Kuvua Chewa na Kungu Miambani: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Kila upepo wa kaskazi unapotulia, malalamiko yale yale hunifikia. Watu wanne au watano wamechangishana fedha, wamekodi boti, wametoka alfajiri na deli kubwa la barafu, kisha wamerejea alasiri na changu watano wenye ukubwa wa kiganja, machubwi yote (vile vizito vya kuzamisha ndoana) yamebaki miambani, na mmoja wao amelala chali kwa kigegezi tangu saa tatu asubuhi. Swali wanaloniuliza huwa ni kuhusu chambo. Jibu langu huwaudhi, kwa kuwa chambo mara chache huwa ndicho tatizo. Karibu kila safari iliyoharibika ambayo nimeisikiliza kwa makini iliharibika kwa sababu siku ilichaguliwa vibaya, au kwa sababu boti haikukaa juu ya mwamba.

Mwongozo huu unahusu uvuvi wa chini, yaani kuvua juu ya miamba katika kina cha mita 25 hadi 70, kwa boti ya kukodi na kwa safari ya siku moja, katika mwambao wa Kenya na Tanzania. Tunaowalenga ni chewa wa aina zote, pamoja na kungu, fatundu na kelea, na changu wanaoishi nao jirani. Majina haya hubadilika kutoka bandari moja hadi nyingine, na menyu za hoteli zimeyavuruga zaidi, kwa hiyo ukizungumza na nahodha mwonyeshe picha badala ya kubishana naye kuhusu jina.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

Vya boti. Hivi huvileti wewe, lakini ni wajibu wako kuviona kwa macho kabla ya kulipa:

- Jaketi la kuokolea kwa kila mtu, lenye mikanda isiyokatika.
- Injini mbili, au injini moja pamoja na ndogo ya akiba.
- Redio ya VHF inayofanya kazi, kipima kina, na GPS.
- Nanga ya mwambani, mnyororo wa mita 3 hadi 5, na kamba ndefu isiyopungua mara tatu ya kina mtakachovua. Kwa kina cha mita 40, hiyo ni mita 120.
- Ndoo, koleo, kulabu yenye mpini, na maji ya kunywa ya siku nzima.

Vya kuvulia. Kama unavua kwa mkono, chukua nailoni nene ya ratili 80 hadi 100, kwa sababu nailoni nyembamba hukata vidole. Kama una fimbo na rili, jaza uzi wa kusuka wa ratili 50 hadi 80. Uzi wa kusuka ni mwembamba, hivyo mkondo hauusukumi sana, na haunyumbuki, hivyo unasikia samaki anavyodonoa hata kwenye mita 60.

Ongeza nailoni ya ratili 80 kwa ajili ya kipande cha mwisho kinachokaa karibu na ndoana. Chukua ndoana za duara, zile ambazo ncha yake imepinda kuelekea ndani, namba 3/0 au 4/0 kwa changu na kelea, na 7/0 hadi 9/0 kwa chewa. Chukua machubwi ya gramu 200, 300 na 500, na usichukue machache, kwa kuwa mwamba hula machubwi kuliko samaki wanavyokula chambo.

Chambo. Ngisi kwa sababu hang'oki kirahisi, na vibua wabichi kwa sababu harufu yao husafiri mbali. Kilo 3 za kila kimoja zinawatosha watu wanne. Chambo kilichogandishwa, kikayeyuka, kikagandishwa tena huwa laini na huishia midomoni mwa samaki wadogo. Usikinunue hata kwa bei ya kutupa.

Vya mwili. Glavu, kofia, shati la mikono mirefu, na dawa ya kigegezi inayomezwa angalau saa moja kabla ya kupanda chomboni. Anayemeza baada ya kuanza kutapika amechelewa.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa mwezi na upepo

Wengi huchagua Jumamosi. Samaki hawajui Jumamosi, ila mkondo wanaujua.

Katika mwambao wetu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4 wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji yote hayo hupita juu ya mwamba wako ndani ya saa sita hivi, na katika nusu ya saa hizo hata chubwi la nusu kilo hupeperuka kama bendera. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana, mkondo hulegea, na mshipi, yaani uzi wa kuvulia, hushuka unakoelekezwa. Kwa hiyo hesabu kutoka mwezi mwandamo: siku nzuri huangukia karibu na siku ya 8 hadi ya 10 ya mwezi huo, na tena siku ya 23 hadi ya 25. Siku hizo zina faida nyingine isiyotajwa sana: kwa kawaida maji hujaa katikati ya asubuhi, hivyo muda wa maji kusimama, ambao ndio wa kuvulia, unakukuta tayari umefika na bado una nguvu. Thibitisha saa kamili katika jedwali la maji la bandari iliyo karibu nawe.

Kuhusu upepo, miezi ya Oktoba hadi Machi hutoa siku nyingi zaidi za kutoka, na wakati wa maleleji, kusi inapoachia na kaskazi haijashika, ndio ninaoupenda kuliko wote. Wakati wa kusi bahari ya nje huwa kali, na mkondo mkuu wa pwani, ambao katika sehemu kubwa ya mwambao huu huelekea kaskazini mwaka mzima, huongezeka kasi kwa sababu upepo unausukuma kutoka nyuma. Wakati wa kaskazi hali hugeuka: upepo hupingana na mkondo, na pale vinapokutana kwa nguvu huzaa mawimbi mafupi yaliyosimama wima ambayo ni mabaya kwa boti ndogo kuliko mawimbi makubwa ya mviringo.

Soma utabiri wa bahari wa mamlaka au idara ya hali ya hewa ya nchi yako jioni ya kuamkia safari. Upepo ukizidi noti 15 (karibu kilomita 28 kwa saa), ahirisha. Nahodha akisema "tutaona hukohuko", ahirisha na tafuta nahodha mwingine.

## Hatua ya 2: Patana na nahodha kwa maneno yasiyo na shaka

Sema tangu mwanzo kwamba unataka kuvua chini, wala si kurambaza. Manahodha wengi wa boti za kukodi wamezoea wageni wanaotaka nguru na jodari, na usipotamka wazi utajikuta unazungushwa maji makuu kutwa nzima ukikokota chambo cha plastiki huku mafuta yakiteketea.

Yaulize haya, na majibu yaandikwe hata kama ni kwenye ujumbe wa simu:

- Bei inahusisha mafuta, barafu, chambo na chakula, au ni boti peke yake?
- Samaki ni wa nani? Katika baadhi ya boti wateja huchukua wachache wa kula, na waliobaki ni wa mwenye chombo. Si jambo baya, lakini lijulikane kabla ya kuondoka.
- Hali ya hewa ikiharibika, fedha zinarudi au safari inasogezwa?
- Tunahesabu saa kuanzia kung'oa nanga bandarini au kuanzia kufika mwambani?
- Urefu wa kamba ya nanga ni mita ngapi?

Swali hili la mwisho ndilo kipimo changu. Nahodha wa uvuvi wa chini hulijibu bila kufikiri.

Uliza pia kuhusu cheti cha chombo na leseni ya uvuvi. Tanzania Bara, vyombo vidogo hukaguliwa na TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) na leseni za uvuvi ziko chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Zanzibar ina wizara yake ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Kenya iko Huduma ya Uvuvi. Uvuvi wa burudani nao una leseni yake, na mwenye boti mzoefu hukusaidia kuipata.

Onyo. Kuna miamba isiyovuliwa hata kidogo. Chumbe karibu na mji wa Unguja, hifadhi ya Kisite karibu na Shimoni, na visiwa vya Bongoyo na Mbudya mbele ya Dar es Salaam ni maeneo yaliyohifadhiwa, na Mafia ina hifadhi kubwa ya bahari iliyogawanywa katika kanda zenye masharti tofauti. Kusema "nahodha ndiye aliyenipeleka" hakutakuokoa.

Kwa boti ya mita 7 au 8, wavuvi wanne ndio kikomo. Wa tano hafanyi kazi nyingine isipokuwa kuvuruga mishipi ya wenzake.

## Hatua ya 3: Funga mishipi nyumbani

Bahari inapoinuka na kushuka, vidole vyenye majimaji ya ngisi havifungi fundo la maana. Funga seti 8 hadi 10 kwa kila mtu ukiwa umekaa mezani, na uzizungushe kwenye vipande vya boksi.

Kwa changu na kelea, chukua nailoni ya mita moja na nusu, weka chubwi mwishoni, na juu yake tundika ndoana mbili kwenye vitawi vifupi vya sentimita 20, kimoja nusu mita kutoka chini na kingine karibu mita moja. Chubwi lifungwe kwa nailoni dhaifu, ya ratili 25 au 30. Sababu ni kwamba kinachonasa mwambani mara nyingi ni chubwi. Likinasa, nailoni dhaifu hukatika na ndoana zako hurudi, pengine na samaki juu yake.

Kwa chewa mpangilio ni tofauti. Pitisha uzi katika chubwi lenye tundu, funga kiungo kinachozunguka ili kulizuia lisishuke zaidi, kisha funga nailoni ya ratili 80 au 100, urefu wa mita moja, na ndoana moja kubwa. Chewa hufungua kinywa na kufyonza maji pamoja na chambo. Kwa mpangilio huu hufyonza bila kuhisi uzito wa chubwi mpaka awe amechelewa.

Lowesha kila fundo kwa mate kabla ya kulikaza, kwa sababu nailoni kavu hupata joto inapojikaza na kudhoofika palepale kwenye fundo. Kisha funga ndoana kwenye kitu kigumu na uvute kwa nguvu zako zote. Fundo likiachia mezani, shukuru.

## Hatua ya 4: Tafuta ukingo, usitafute mwamba tu

Mwamba mkubwa ni kama mji, na samaki hawakai kila nyumba. Chewa hupenda ukingo, pale mwamba unapokatika na kushuka kwenye mchanga, penye mapango na upande unaopokea mkondo. Kungu na fatundu huelea juu kidogo ya ukingo huohuo, wakati changu hutoka kwenda kulisha mchangani.

Kwa hiyo mwombe nahodha apite polepole juu ya mwamba mara mbili au tatu, huku mkiangalia kipima kina. Mnatafuta mahali ambapo kina kinabadilika ghafla, kwa mfano kutoka mita 32 hadi 41 ndani ya urefu wa boti chache. Alama nene na ngumu ya chini ni mwamba. Alama nyembamba ni mchanga au tope. Vivuli vilivyoganda karibu na chini ni samaki tunaowataka, na wingu lililo katikati ya maji ni dagaa au vibua.

Wazee wetu walifika palepale bila mashine, kwa kulinganisha alama mbili za nchi kavu, kama mnara wa msikiti chini ya mnazi fulani na ncha ya kisiwa dhidi ya kilima. Nahodha anayezijua alama hizo pamoja na GPS ana thamani mara mbili, kwa kuwa GPS humwonyesha palipo na mwamba, na alama za baba yake humwonyesha palipo na samaki.

## Hatua ya 5: Ikalishe boti mahali pake

Hapa ndipo safari nyingi hufa, na hapa ndipo ningependa usome polepole.

Mara yangu ya kwanza kukodi boti kwa ajili ya chewa, tulikuwa na kamba ya mita 60 juu ya kina cha mita 45. Nanga iligusa chini, ikaburuzwa, ikashika, ikaachia, na kwa saa sita tulivua mchanga bila kujua. Nilidhani samaki wamehama. Hawakuwa wamehama hata kidogo. Ni sisi tuliokuwa tunahama.

Nanga hushika kwa kuvutwa kwa ulalo, si kwa uzito wake. Kamba ikiwa fupi huinua nanga kila wimbi linapopita. Ndiyo sababu ya ile kanuni ya mara tatu, na ndiyo sababu ya mnyororo, ambao hulaza shina la nanga chini. Lakini kamba ndefu huleta tatizo la pili: boti haitakaa juu ya nanga, itakaa mbali nayo. Kwa kina cha mita 40 na kamba ya mita 120 iliyonyooka, boti husimama takriban mita 110 kutoka nanga ilipo. Anayedondosha nanga juu ya samaki, basi, anajifunga mita 110 mbali nao.

Fanyeni hivi:

1. Zimeni injini juu kabisa ya ukingo mnaoutaka, na acheni boti ielee kwa dakika tano. Nahodha atie alama kwenye GPS mwanzoni na mwishoni. Mstari kati ya alama hizo mbili unaonyesha mkondo na upepo vikijumlishwa vinaipeleka boti wapi. Usikisie kwa kutazama bendera.
2. Rudini juu ya ukingo, kisha endeleeni mbele kwa kufuata mstari uleule, kinyume na uelekeo wa kuelea, kwa umbali wa takriban mita 110 hadi 120.
3. Tafuteni mchanga hapo, na nanga ishushwe taratibu kutoka omo, yaani mbele ya boti. Nanga inayotupwa juu ya matumbawe huvunja kilichochukua miaka mingi kukua, na mara nyingi hairudi.
4. Legezeni kamba boti ikirudi nyuma yenyewe. Ikifika mita 100, funga, iache ivute, uangalie GPS.
5. Sasa sogeza boti kwa kulegeza au kuvuta kamba mita tano tano, mpaka tezi, yaani nyuma ya boti, ikae mbele kidogo ya ukingo upande wa juu wa mkondo, ili mshipi unaposukumwa wakati wa kushuka uangukie ukingoni.

Kama hakuna mchanga, tumieni nanga ya nondo, ile ambayo kucha zake hunyooka inapovutwa kwa nguvu ya injini. Mafundi wa vyuma huitengeneza kwa bei nafuu, na ni bora kuipinda upya kila safari kuliko kuacha nanga ya dukani chini ya bahari.

Maonyo. Kamwe nanga isifungwe kwenye tezi. Wimbi moja likiingia nyuma, boti hujaa maji na kuzama. Mtu yeyote asisimame ndani ya mizunguko ya kamba inaposhuka. Na msitie nanga katika njia ya meli, hasa karibu na milango ya bandari za Mombasa, Tanga na Dar es Salaam.

Utajuaje kwamba mmefaulu? Kipima kina kinasoma namba ileile kwa dakika kumi, ikipanda na kushuka kwa mita moja au mbili tu boti inapoyumba. Mshipi wenye chubwi la gramu 300 unashuka karibu wima. Ukihitaji zaidi ya nusu kilo kugusa chini, mkondo bado ni mkali. Ngojeni usimame, mnywe chai.

Pasipo upepo na mkondo ukiwa dhaifu, mnaweza kuelea bila nanga na kurudia mstari uleule. Hiyo ni raha, lakini inataka nahodha asiyechoka kuwasha injini kila baada ya dakika kumi.

## Hatua ya 6: Shusha na ushike chini

Shusha mshipi ukiwa umeubana kidogo kwa kidole, usiuachie ukimbie, la sivyo ndoana zitajisokota kwenye uzi mkuu. Utahisi chubwi likigonga. Mwamba hugonga mkavu, mchanga hupokea kimya. Mara moja pandisha nusu pima kwa changu, au pima moja (urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa) kwa chewa na kungu, kisha usitikisike. Anayeliacha chubwi lilale chini atalipoteza.

Kata ngisi vipande virefu kama ukanda, na upitishe ndoana mara moja tu upande wa juu ili kipande kicheze majini. Kwa chewa, weka kibua mzima au nusu ya mbele, ndoana ikipita kwenye midomo. Ncha ya ndoana ibaki wazi. Ndoana ya duara iliyozikwa ndani ya nyama haishiki.

Badilisha chambo kila dakika saba au nane hata kama hukuhisi kitu, kwa sababu samaki wadogo hukivua nguo kimya kimya. Zikipita dakika 40 bila mdomo hata mmoja wa maana, legezeni kamba mita kumi mjaribu tena kabla ya kung'oa nanga. Mara nyingi mlikuwa mmekosea kwa urefu wa boti moja tu.

## Hatua ya 7: Sekunde tano za mwanzo

Changu hudonoa, tena na tena. Kelea hugonga kwa haraka. Chewa havuti kwanza. Utahisi uzito tu, kama mtu amening'iniza ndoo, halafu ghafla kila kitu kinaelekea pangoni.

Kwa ndoana ya duara usikurupuke kuupiga mshipi. Subiri uzito, kisha vuta mfululizo, na ndoana itajigeuza yenyewe kwenye pembe ya mdomo. Kwa chewa, mita tatu au nne za kwanza ndizo zote. Breki ya rili iwe imekazwa kabla ya kushusha mshipi, kwa kuwa hutapata muda wa kuikaza baadaye. Ukishamtenga na mwamba kwa mita tano, safari iliyobaki ni ya mikono tu.

Akiingia pangoni, hutanua mashavu na mapezi na kujikaza humo. Usivute. Legeza mshipi kabisa, subiri dakika mbili hadi tano, na ukihisi anasogea, vuta ghafla bila kusita. Nimewapata wengi kwa subira hiyo, na nimewaona wengi zaidi wakikatiwa mshipi kwa hasira.

Onyo. Usizungushe mshipi mkononi, hata mara moja, hata kwa samaki mdogo. Yule mkubwa kabisa katika jamaa ya chewa hupita urefu wa mita 2, na huchagui nani atauma. Samaki akifika juu, shika kwa kitambaa nyuma ya kichwa, kwa sababu miiba ya mgongoni huchoma na mashavu ya chewa hukata kama wembe. Mkunga mkatie nailoni akiwa bado majini. Bunju mrudishe mzima. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa, na kila aliyedhani anajua kumsafisha alikuwa anabahatisha.

## Hatua ya 8: Warudishe wanaostahili kurudi

Rudisha wadogo, na rudisha chewa wakubwa sana. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike na baadhi yao hugeuka madume wanapokua, kwa hiyo anayeondoa wakubwa wote anaondoa madume ya mwamba mzima.

Hata hivyo, kumtupa tu majini si kumrudisha. Samaki hawa wana kibofu cha hewa. Katika kina cha mita 30 shinikizo ni mara nne ya lile la juu, hivyo hewa iliyomo hutanuka mara nne anapopandishwa. Utaona macho yametoka na mfuko wa chakula umesukumwa mdomoni. Usiutoboe. Anaelea tumbo juu, na mwewe au jua litammaliza.

Mrudishe chini kwa uzito. Chukua ndoana kubwa, bonyeza kijino chake kwa koleo mpaka kilale, ifunge kichwa chini kwenye mshipi wake wa peke yake na chubwi la kilo moja au mbili likining'inia chini yake. Ipitishe kwenye ngozi nyembamba ya mdomo, shusha mpaka karibu na mwamba, kisha uvute ghafla, ndoana itachomoka. Ukifaulu, uzito hupanda mtupu na hakuna samaki atakayeibuka nyuma ya boti.

## Hatua ya 9: Barafu kabla ya picha

Utakayemchukua mpige kichwani juu ya macho, mkate chini ya matamvua, mwache atoke damu ndani ya ndoo ya maji ya bahari kwa dakika tano. Kisha mtumbukize kwenye deli lenye barafu iliyopondwa na maji kidogo ya bahari, vipimo viwili vya barafu kwa kimoja cha maji. Mchanganyiko huo humfikia samaki pande zote, wakati mabonge ya barafu humgusa hapa na pale tu. Hesabu kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki mnayotarajia, na kwa jua letu ongeza nusu yake.

Njiani kurudi, toa matumbo, mwaga maji, na mpange samaki juu ya barafu isiyo na maji, matumbo yakiangalia chini na tundu la deli likiwa wazi ili maji yanayoyeyuka yasimloweshe. Matamvua yakiwa bado mekundu mnapofika pwani, kazi imefanyika vizuri.

Chewa mkubwa usimkate minofu jioni ileile akiwa amekakamaa, kwa kuwa nyama husinyaa na kupasuka chini ya kisu. Mwache ndani ya barafu mpaka kesho yake, mwili unapolegea.